Wapangaji wa mnara wako bandarini: barua ya wazi kwa wakuu wa Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa, kwa Waheshimiwa wawakilishi wa wadi katika Bunge la Kaunti, kwa wadhamini wa mifuko ya pensheni, na kwa mabenki mnaoombwa mkopo wa mradi huu.

Waheshimiwa, assalaam aleikum, na poleni na kazi.

Nawaandikia kuhusu mnara wa ofisi unaopendekezwa kujengwa katikati ya mji wetu. Picha yake, vioo kutoka chini hadi juu, imebandikwa kwenye uzio wa mabati, na kila asubuhi nikishuka matatu Barabara ya Digo naipita nikielekea Nkrumah. Siku ya kwanza kuiona nilifurahi, na sioni haya kulisema hilo. Nilisimama nikahesabu ghorofa kama mtoto. Tangu siku hiyo mabati yamechujuka kwa jua na chumvi ya bahari, na kila anayeuliza hupewa jibu lile lile: mradi unangoja wapangaji na fedha.

Mimi ni wakala wa kutoa mizigo bandarini, yaani namalizia wateja ushuru na karatasi za forodha, kazi ambayo hapa mjini twaiita kliaringi na fowadingi. Nimepanga ofisi katikati ya mji kwa miaka 19, katika majengo matatu. Sikusomea uchumi wala usanifu wa majengo. Lakini huyo mpangaji anayengojwa ni mimi, pamoja na wenzangu wa kazi hii na zinazoambatana nayo. Na kwa muda wote ambao picha ile imening'inia pale, hakuna aliyepanda ngazi kuja kutuuliza twataka chumba cha namna gani, kwa bei gani, na kwa nini hatujatia sahihi.

Husemwa kwamba kinachokosekana ni fedha. Mimi siamini. Februari 2024 Serikali Kuu iliuza hati fungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa kodi, na wenye fedha wakaleta maombi yaliyopita mara nne ya kiasi kilichotakiwa. Fedha zilikuwapo, ila zilikwenda mahali palipo na uhakika wa kulipwa. Tangu Agosti mwaka huo Benki Kuu ilianza kushusha riba yake ya msingi, kutoka asilimia 13 mpaka chini ya 10 kufikia katikati ya 2025. Riba imelegea, na mnara ungali picha. Benki huuliza swali moja tu: nani atalipa kodi humo ndani? Mwekezaji hana jibu, kwa hivyo hurudi kututafuta sisi, nasi twamwambia hatuwezi kuweka sahihi kwa jengo ambalo hata msingi haujachimbwa. Basi kila mmoja ameketi barazani akimngoja mwenzake abishe hodi.

Hebu tupige hesabu. Huu ni mfano wangu mwenyewe, si takwimu za mradi, kwa sababu takwimu za mradi hatujaonyeshwa. Chukua mkopo wa shilingi bilioni 1 kwa riba ya asilimia 15. Riba peke yake ni milioni 150 kwa mwaka, yaani milioni 12.5 kila mwezi, kabla hujarudisha hata shilingi moja ya deni lenyewe. Jengo liwe na futi za mraba 100,000 za kukodisha, na kila futi ilipiwe shilingi 100 kwa mwezi. Likijaa lote, bila chumba kimoja kubaki wazi, huingiza milioni 10. Likijaa nusu, milioni 5. Mwenye jengo hilo hata akijaliwa wapangaji wote bado ana pengo la milioni mbili na nusu kila mwezi, na hajalipa mlinzi, stima wala fundi wa lifti. Kwa hivyo anayetaka kujenga kwa mkopo mtupu, akitumaini kwamba watu watakuja wakishaona vioo vinametameta, atatuachia shimo. Nairobi walilichimba la kwao: mnara wa Pinnacle, pale Upper Hill, ulizinduliwa mwaka 2017 ukitarajiwa kupita mita 300, kisha kazi ikasimama katikati ya mgogoro wa ardhi. Kisiwa chetu ni kidogo. Shimo la namna hiyo kwenye Barabara ya Moi tutalizunguka kila siku ya maisha yetu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Nani alijaza ofisi za mji huu? Mabenki yana majengo yao, na mashirika ya serikali yana yao. Waliojaza zile ghorofa za juu za Nkrumah, Digo, Nyerere na Moi (ambayo wazee wetu waliijua kama Barabara ya Kilindini, kwa kuwa ndiyo njia ya kuteremka bandarini) ni watu wa mizigo. Mawakala wa meli, mawakala wa forodha, wenye malori, wakaguzi wa shehena, watu wa bima ya mizigo, mawakili wa kesi za bahari, wapiga chapa, wabadilisha fedha. Kijana akimaliza shule alianza kuwa tarishi, akibeba mafaili kati ya ofisi na forodha, na baada ya miaka kumi ana leseni yake na chumba chake chenye jina mlangoni. Ndivyo nilivyoanza mimi. Chini ya ofisi hizo huishi watu wengine ambao hawamo kwenye mchoro wowote wa mhandisi: muuza kahawa chungu na dele lake la makaa, mama wa mahamri na mbaazi, wenye mashine za fotokopi, makuli wanaongoja kuitwa. Ghorofa ya juu ikizima taa, hawa ndio wa kwanza kujua.

Mwaka 2019 taa zilizimwa nyingi. Iliamriwa kwamba mizigo inayokwenda bara ipakiwe kwenye treni ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, na ikatolewe Nairobi. Watu waliandamana hapa mjini Jumatatu baada ya Jumatatu, na mnayakumbuka maandamano yale. Wenye malori waliegesha. Mawakala wenye uwezo walifungua matawi Nairobi, wasio na uwezo wakarudisha funguo. Ghorofa niliyokuwapo ilikuwa na kampuni sita, zikabaki mbili. Kisha, Septemba 2022, rais mpya alipoapishwa akatangaza kwamba utoaji wa mizigo urudi Mombasa. Twashukuru. Bandari yenyewe imekua, na mwaka 2024 ilipitisha makontena yaliyovuka milioni 2 kwa kipimo cha futi 20, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Basi mbona wapangaji hawajarudi kwa wingi huo?

Mkataba wa kawaida wa ofisi hapa kwetu huwa wa miaka mitano na miezi mitatu, au wa miaka sita. Umekaa hivyo kwa sababu ya sheria ya wenye nyumba na wapangaji, maana mkataba ukiwa wa miaka mitano au chini, mpangaji wa biashara hupata kinga ambazo wenye majengo hawazipendi. Sasa mfikirie mtu aliyetia sahihi mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu Juni 2017, mwezi ambao treni ya SGR ilianza kubeba abiria. Katikati ya mkataba ikaja amri ya 2019. Mwaka uliofuata ikaja korona. Na mkataba wake ulipomalizika, Septemba 2022, ndipo kazi ikarudishwa Mombasa, mwezi ule ule. Zaidi ya nusu ya kipindi alichofungwa na kodi, riziki yake ilikuwa imehamishwa kwa karatasi moja, na siku aliyofunguliwa ikarudishwa kwa tamko moja. Mtu huyu leo mnamwonyesha picha ya mnara na kumwomba ajifunge tena miaka sita. Atie sahihi kwa kutegemea nini? Kilichorudi kwa tamko chaweza kuondoka kwa tamko, na mpangaji analijua hilo, na benki inalijua pia.

Mheshimiwa Gavana, mnara huu wahitaji bandari kabla ya kuhitaji benki. Hiyo bandari si yako, iko chini ya Serikali Kuu, na sikudai usichoweza. Lakini wewe pamoja na maseneta na wabunge wa Pwani mna sauti ambayo sisi wa ghorofa ya nne hatuna. Ombeni haki ya mwenye mzigo kuchagua mahali pa kuutolea na chombo cha kuusafirisha iandikwe kwenye sheria, isibaki kwenye barua za ofisini na ahadi za jukwaani. Siku hiyo itakapopitishwa, mwekezaji wenu atapata barua za wapangaji asizopata kwa mabango kumi.

Dar es Salaam waliyaona ya namna hii. Julai 2016 serikali yao ilitangaza kuhamia Dodoma, na wizara zikaanza kufungasha. Jengo la ofisi laweza kuwa imara na zuri, likaachwa kwa sababu ya uamuzi uliofanywa mbali nalo.

Pili, vyumba. Zamani ofisi yangu ilikuwa na makarani wanane kwa sababu karatasi zilikuwa nyingi na kila moja ilihitaji miguu ya kuipeleka. Mfumo wa dirisha moja wa KenTrade, yaani kuomba vibali vya mizigo mahali pamoja kwenye mtandao, ulipozinduliwa mwaka 2014, na forodha nayo ikahamia kwenye kompyuta, kazi nyingi zikawa za kubonyeza. Leo kijana mwenye laptopu anaweza kutoa kontena akiwa Bamburi. Sisi tuliobaki mjini twahitaji chumba cha futi 200, labda 300, ukumbi wa mikutano wa kulipia kwa saa mteja anapotoka Kampala au Kigali, chumba cha mafaili, kwa maana forodha bado hukagua ya miaka iliyopita, na intaneti isiyokatika, maana muda ukipita kontena huanza kutozwa kwa siku. Ghorofa moja pana ya kukodishwa kwa kampuni moja haitufai. Kampuni za kuijaza hapa kwetu ni chache mno, na baadhi yake zimeshahamia Nyali, Barabara ya Links, ambako gari lina mahali pa kuegeshwa. Mchoro uliobandikwa pale unaonyesha mapokezi yenye dari ndefu kama hoteli. Naheshimu kazi ya aliyeuchora, lakini hakuchora kwa ajili yetu.

Na vile vioo. Nawaomba wasanifu wateremke Mji wa Kale, ni mwendo wa dakika kumi tu, waguse kuta za mawe ya matumbawe saa nane mchana. Zimepoa. Waliozijenga walijua kaskazi yavuma lini na kusi yaingilia wapi, wakafanya ukuta mnene, dirisha refu, baraza yenye kivuli. Jengo la vioo kwenye jua la Mombasa ni tanuri linalopozwa kwa stima, na bili ya stima hiyo hailipwi na mwenye jengo. Hugawanywa kwa wapangaji katika ile ada ya huduma inayokuja na kodi kila robo mwaka. Jengo nililokuwamo kabla ya hili ada hiyo ilifika karibu nusu ya kodi, na lifti ikawa mbovu miezi saba, na mteja wangu mzee kutoka Lamu akawa anasimama chini nami nateremka na karatasi azisome kwenye ngazi. Niliandika barua nne kwa mwenye nyumba. Nikahama.

Maji nayo. Mombasa haina chanzo chake cha maji matamu cha kutosha; twategemea Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na Bwawa la Mwache ndilo tunaloomba likamilike. Kisimani ni chumvi, nayo hula mabomba. Mnara wa watu elfu moja usio na mpango wake wa maji utashindana na nyumba za Makadara na Kibokoni kwa mabowza yale yale. Sitalirefusha hili. Nataka tu kuuona mpango huo kabla ya kuona kreni.

Waheshimiwa wawakilishi wa wadi, nyinyi nina jambo lenu. Nasikia wazo likizungumzwa kwamba mnara ukikosa wapangaji, Kaunti yenyewe ipange ghorofa kadhaa ili benki ipate moyo. Nawasihi msilikubali mpaka mmeona hesabu yote. Kifungu cha 212 cha Katiba chasema kaunti haiwezi kukopa ila kwa dhamana ya Serikali Kuu na idhini yenu. Ahadi ya kulipa kodi ya miaka ishirini kwa jengo la mtu binafsi ni deni, hata likiitwa upangaji, na litalipwa na ada ya mama anayeuza mboga Marikiti na Kongowea. Kama Kaunti ina upungufu wa ofisi, ianze na majengo yake yenyewe ambayo paa zinavuja. Na kama kiwanja ni cha umma, au muda wa hati yake ya kukodi umebaki mdogo na kuna maombi ya kuurefusha, jambo hilo lifike kwenye Bunge la Kaunti mchana, mbele ya watu. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari hizi. Sheria ya mipango ya miji ya 2019 yatupa nafasi ya kutoa maoni kabla ya kibali. Hatutaki kualikwa ukumbini kunywa soda siku ya kuweka jiwe la msingi.

Wadhamini wa pensheni, kanuni zawaruhusu kuweka hadi asilimia 30 ya fedha za mfuko katika majengo na ardhi. Ruhusa hiyo ni kipimo cha juu, hamlazimiki kukifikia. Mama yangu mdogo alifundisha shule ya msingi miaka 34, na pensheni yake ndiyo inayomnunulia dawa za sukari. Mkiuzika mfuko wa watu kama yeye kwenye jengo tupu, mtakaa mikutano mingi mkilithamini upya kila mwaka, lakini yeye atakuwa ameshakosa dawa. Tazameni mfuko wa kwanza wa majengo uliosajiliwa katika soko la hisa la Nairobi: mwaka 2015 kipande kimoja kiliuzwa shilingi 20, na mwaka 2023 wenye mfuko walipotaka kuwalipa wawekezaji wadogo watoke, wadogo hao walipewa shilingi 11 kwa kipande. Wenye vipande walikuwa na majengo yaliyokwisha kujengwa na yenye wapangaji. Nyinyi mnaonyeshwa picha.

Nataka mnara huu ujengwe. Nimeishi kuona katikati ya mji wetu pakinyamaza kila jioni saa kumi na moja, milango ya mabati ikishushwa, na ghorofa za juu zikiwa na njiwa tu. Mji wa watu 1,208,333, kwa hesabu ya sensa ya 2019, wastahili mahali ambapo kazi yake kubwa yaonekana. Lakini ujengwe kwa awamu: kwanza ghorofa chache za vyumba vidogo, kuta nene na vivuli, nguzo za chini zikiwa tayari kubeba nyingine juu wapangaji wakizidi. Mwenye mradi aweke fedha zake mwenyewe nyingi kuliko za mkopo. Usipande kiasi cha kuiziba Ngome ya Yesu na Mji wa Kale, ambao ndio uliotuletea jina duniani. Ngome ile iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2011 na heshima hiyo yaweza kutiwa doa. Chini pawe na baraza pana la muuza kahawa na mama wa mahamri, lililochorwa kwenye ramani, lisiwe la kufukuzana na askari wa kaunti. Na idadi ya mikataba iliyotiwa sahihi, nasema mikataba, si barua za nia, itangazwe hadharani kila baada ya miezi mitatu. Ikiwa miezi 18 itapita na hakuna lililotimia, mabati yang'olewe na kiwanja kipewe kazi nyingine, hata kama ni kituo cha matatu chenye kivuli.

Mkiyakubali hayo, mpangaji wa kwanza mnaye. Nitachukua chumba cha futi 200, ghorofa yoyote inayofikika kwa ngazi, kwa miaka sita, na amana ya miezi mitatu nitaiweka benki siku sheria ya mizigo itakapotiwa sahihi. Katika simu yangu nina majina ya mawakala wengine kumi na mmoja ambao nimezungumza nao mmoja mmoja wakanipa neno lao kwa sharti hilo hilo. Mwekezaji akitaka kuja kutuona, twakutana kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri, kwenye kahawa nyuma ya Posta.

Wenu katika kazi,

Wakala wa mizigo, Mombasa